KONTENA LIKISHAFUNGWA, TWABAKI NA KARATASI

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wafanyabiashara, makarani na vijana wa mizigo, Kariakoo, Dar es Salaam



Tunawashukuru kwa kufunga maduka mapema, maana twajua kuwa saa moja ya Mtaa wa Kongo ni fedha. Tumekuja kuzungumza juu ya sanduku la chuma la futi 20 na ndugu yake la futi 40, ambalo serikalini huitwa kasha na sisi mitaani twaliita kontena. Nasi tutasema juu ya kontena linalotoka nchini. Juu ya lile linaloingia ninyi ni walimu wetu. Mnajua nauli yake kutoka Uchina kuliko wasomi wengi. Lakini ukimwuliza mtu wa Kariakoo kontena la ufuta au la mbaazi linatokaje, mara nyingi jibu ni moja: "Yuko kijana wetu pale Sokoine Drive, yeye ndiye anayeshughulikia." Basi leo tutamzungumza kijana huyo, pamoja na karatasi anazoziandika kwa niaba yetu.

Zamani mzigo ulikuwa na mashahidi. Mpaka mwaka 1956, gati za kwanza za maji marefu zilipokuwa tayari katika bandari yetu, meli zilitia nanga katikati ya bandari na shehena ikaletwa au kupelekwa kwa matishari. Kila gunia lilipita mgongoni mwa kuli. Kuli hakuhitaji kusoma ili ajue amebeba nini: kahawa aliijua kwa harufu, katani kwa vumbi lake, karanga kwa mlio wake ndani ya gunia. Watu hao ndio waliogoma mwezi Septemba 1947 kwa ajili ya ujira, na mgomo wao ukapanda reli ukaingia bara. Karani aliyetaka kuandika pamba mahali pa kahawa alijua kuwa kuna watu mia moja waliougusa mzigo ule.

Mwaka huo huo wa 1956, tarehe 26 Aprili, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu yake. Yalikuwa ya mtu aitwaye Malcom McLean, mwenye malori, aliyechoka kuona magari yake yakisubiri kutwa nzima bandarini wakati makuli wakipakua kifurushi kimoja kimoja. Shauri lake lilikuwa jema kwa nauli, na sisi hatulilaumu. Lakini tazameni lilichokiondoa. Sanduku likijazwa Mikocheni au Njombe na kufungwa, hakuna mkono utakaougusa mzigo mpaka ufike Rotterdam au Mumbai. Dereva haujui, mwendesha kreni haujui, nahodha haujui. Wote wanausoma katika karatasi, na karatasi ikisema uongo, wote wanaubeba uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Nchi yetu ina sababu yake ya kuangalia sana nani anaandika daftari la bandari. Mwaka 1921 Mwingereza alimpa Mbelgiji sehemu katika bandari ya Dar es Salaam na nyingine Kigoma, ili mizigo ya Kongo ipite. Kodi yake ilikuwa faranga 1 kwa mwaka, na mapatano hayakuwa na mwisho. Wenye nchi hawakuulizwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikataa kuyarithi mapatano hayo. Leo Wakongomani wanakuja wenyewe Kariakoo, wanalala katika nyumba za wageni za Mtaa wa Sikukuu na Msimbazi, wananunua na kulipa, na mizigo yao mingi inaondoka kwa malori kupitia Tunduma. Wangazija nao wanakuja, na mizigo yao huondoka kwa bahari. Biashara ni yetu. Swali ni kama daftari nalo ni letu.

Sasa tuingie bandarini.

Mwanzo wa safari ya kontena linalotoka ni kwa wakala wa meli. Mwenye mali huomba nafasi melini, akapewa kontena tupu kutoka yadi, nalo lina namba yake. Wakati huo huo yapaswa zitafutwe ruhusa za mali yenyewe, nazo hutofautiana. Mazao ya shamba yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA. Korosho, kahawa na tumbaku zina bodi zake. Madini yana tume yake. Ikiwa mnunuzi anataka kujua mali imezaliwa wapi, kinatakiwa cheti cha uasili. Ndipo wakala wa forodha, mwenye leseni ya Mamlaka ya Mapato, anapoandika kadhia. Neno hili msiliogope. Kadhia ni tamko lako mbele ya Forodha: mimi fulani, mwenye namba hii ya mlipakodi, napeleka mali hii, yenye uzito huu na thamani hii, kwa mtu yule, ndani ya kontena namba hii lililofungwa kwa lakiri namba hii. Tangu mwaka 2014 tamko hilo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao TANCIS, na baadaye umeongezwa Mfumo wa Dirisha Moja ambamo idara mbalimbali hutoa ruhusa zake.

Mfumo hulipa tamko lako rangi. Kijani, unapita. Njano, karatasi zinasomwa tena na ofisa. Nyekundu, mlango unafunguliwa na mzigo unatazamwa. Wengi husema kuwa ukipata nyekundu umerogwa. Rangi hutolewa kwa kupima hatari, na historia ya jina lililoandikwa ni sehemu ya kipimo hicho. Kwa hiyo jina ni mali, na tutalirudia jambo hili.

Hapa tuseme jambo ambalo linachanganya watu wengi. Mwenye gati si Forodha. Watu wamebishana sana katika nchi hii, hasa mwaka 2023, juu ya nani aendeshe gati za Dar es Salaam: TICTS aliyekuwapo tangu mwaka 2000 mpaka 2022, DP World aliyetiliana mikataba na Serikali Oktoba 2023, na wengineo. Mabishano hayo yana uzito wake. Lakini mwenye gati hupokea kontena, hulipanga na hulipakia. Hana mamlaka ya kukubali au kukataa tamko lako. Na TPA si TRA, wala wakala wa meli si wakala wa forodha. Tumewaona watu wakilalamika mlango wa tatu juu ya kosa lililofanyika mlango wa kwanza, wakapoteza siku mbili, na meli haikuwangoja.

Tumesema kontena lina namba. Tumeiandika moja hapa ubaoni, ile inayotumiwa duniani kote kufundishia: CSQU 305438, na mwisho peke yake, ndani ya kisanduku, 3. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, nazo zimesajiliwa katika Ofisi ya Kimataifa ya Makontena iliyoko Paris. Herufi U yaonyesha kuwa ni kontena la shehena. Tarakimu sita ni namba yake kati ya ndugu zake. Ile 3 ya mwisho ndiyo tunayotaka muitazame, maana ni mlinzi.

Kazi yake ni hii. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Chukua thamani hizo nne na tarakimu sita zinazofuata, ukazidishe ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, na kuendelea hivyo maradufu mpaka ya kumi kwa 512. Jumlisha. Kwa namba hii jumla ni 6,185. Gawanya kwa 11, utabakiwa na 3. Hesabu na mlango wa kontena vimekubaliana. Sasa mwambie karani aandike 8 mahali pa ile 3 ya kwanza, kama macho yaliyochoka yafanyavyo. Hesabu itakataa hapo hapo. Kijana yeyote wa darasa la saba aweza kuifanya kwa penseli, na tumewapa vijana hapa mbele wakaifanya kwa dakika nne. Kosa la tarakimu moja katika kadhia laweza kuliacha kontena yadini huku meli ikiondoka, na gharama za kukaa hapo zinapanda kila siku. Makosa ya jinsi hii mengi yangekamatwa mezani kabla kontena halijafika getini.

Lakini mlinzi huyo hulinda namba tu, hajui kilichomo ndani. Huko ndani kuna tarakimu nyingine, na hizi zina fedha.

Chukueni korosho. Kila bidhaa duniani ina namba yake ya forodha. Korosho yenye ganda ni 0801.31. Korosho iliyobanguliwa ni 0801.32. Tofauti ni tarakimu moja, mwishoni. Nyuma ya tarakimu hiyo mna shauri zima la nchi: korosho ghafi hutozwa ushuru wa kupelekwa nje, asilimia 15 ya thamani yake melini au dola 160 kwa tani, kwa kuchukua ile iliyo kubwa. Sababu yake ni kwamba kubangua ni kazi, na kazi hiyo yafaa ifanywe na kina mama na vijana wa Mtwara na Lindi badala ya kupelekwa ng'ambo pamoja na ganda. Mtu akiandika 32 mahali pa 31 kwa tani 20 za kontena moja, ameifuta sheria kwa kidole. Hakuvunja kufuli, wala hakupita njia ya panya usiku.

Au chukueni uzito. Mwezi Januari 2007 meli ya MSC Napoli ilivunjika katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Wachunguzi walipopima makontena 660 yaliyokuwa makavu juu ya sitaha, waliona kuwa 137 yalipishana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Hapana aliyesema uongo huo peke yake ndio ulioivunja meli, lakini dunia ilishtuka. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya kimataifa ya usalama wa baharini inasema kontena lisipakiwe mpaka uzito wake uthibitishwe, na anayepaswa kuuthibitisha ni mwenye kupeleka mzigo. Si mwenye meli, wala mwenye gati. Jina lililo juu ya karatasi ndilo linalojibu.

Na wapo walioandika mambo mabaya zaidi ya uzito. Novemba 2013, katika bandari ya Malindi, Unguja, lilikamatwa kontena ambalo magunia yake yalionyesha kombe za baharini. Chini ya kombe mlikuwa na pembe za ndovu. Ndovu wale hawakuwa wa Unguja, maana Unguja haina ndovu. Walitoka bara, wakapitishwa katika karatasi kana kwamba ni takataka za pwani. Miaka ile tembo wa Selous walikuwa wakiisha, na karatasi za shehena zilikuwa zinasema kombe.

Tulisema hatutawachosha, lakini lazima tuyataje makontena 277, kwani hayo ndiyo yaliyolifundisha taifa zima neno makinikia. Tangu mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza mwaka 2001, mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha ulikuwa ukijazwa katika makontena na kupelekwa nje ili ukayeyushwe, kwa kuwa hapa hapakuwa na tanuru. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku. Tarehe 24 Mei mwaka huo kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais John Magufuli ripoti yake juu ya makontena 277 yaliyokuwa yamezuiwa. Ilikuwa imechukua sampuli katika makontena 44. Ikasema wastani wa dhahabu ni gramu 1,400 katika kila tani, yaani kilo 28 katika kontena la tani 20, yaani karibu tani 7.8 katika makontena yote 277. Kampuni ya Acacia ikakana kabisa, ikasema hesabu hiyo imezidi mno. Ikafuata kamati ya pili, yakafuata madai ya kodi ya mabilioni ya dola, yakafuata mazungumzo marefu. Oktoba 2019 Barrick na Serikali wakatangaza mapatano: ikaundwa kampuni ya Twiga Minerals, Serikali ikapata asilimia 16 katika migodi, na dola milioni 300 zikaahidiwa, zile ambazo mitaani tulikuwa tumezoea kuziita kishika uchumba. Mwaka 2020 makinikia yakaanza kusafirishwa tena.

Wako wanaosema Serikali ilishinda, wako wanaosema ilitia chumvi. Mabishano yale yalimalizwa kwa mapatano, wala haikupatikana hesabu moja iliyokubaliwa na pande zote mbili. Sisi tunaona aibu mahali pengine. Kwa zaidi ya miaka 15 masanduku yale yalipita katika mji huu, barabarani mbele ya macho yetu, kila moja likiwa na namba, lakiri, kadhia na ruhusa. Siku nchi ilipouliza kilichomo, daftari lake lenyewe halikuweza kujibu swali hilo likaaminiwa na watu wote. Ilibidi kufungua milango na kuchota mchanga kwa koleo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, tena limejaa mihuri. Walioliandika walikuwa ni wengine, na sisi tuliligonga muhuri.

Sasa mtasema: hayo ni ya dhahabu, na sisi ni wauza vitenge, magodoro na vyombo vya plastiki. Subirini.

Tuseme kuna watu watano wa Kariakoo, wenye maduka Aggrey, Narung'ombe na Mchikichi, ambao wanachangia kontena moja la kwenda Moroni. Mmoja ana mchele, mmoja magodoro, mmoja sabuni, mmoja nguo, wa tano ana "mchanganyiko". Wanampa wakala fedha, na wakala anaandika kadhia. Kwa jina la nani? Mara nyingi kwa jina moja tu, la yule ambaye namba yake ya mlipakodi ilikuwa karibu, au la mtu ambaye hata hawamjui. Bei zinaandikwa kwa kukisia. Huo mchanganyiko wa mtu wa tano unaandikwa "bidhaa za nyumbani". Kontena linaondoka, mzigo unafika, watu wanasema mambo yamekwenda vizuri.

Hasara ya kwanza hawaioni kwa macho. Mali inayopelekwa nje hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa asilimia sifuri, na mfanyabiashara aliyesajiliwa aweza kudai arudishiwe ile kodi ya asilimia 18 aliyolipa aliponunua bidhaa zake. Lakini aonyeshe ushahidi kuwa mali ilitoka, na ilitoka kwa jina lake. Wanne kati ya hawa watano hawana ushahidi wowote. Fedha yao imebaki huko, na hakuna aliyewaibia.

Hasara ya pili huja siku mmoja wao anapokwenda benki kutaka mkopo. Anasema yeye hupeleka mali Komoro kila mwezi kwa miaka minane. Karani wa benki anamwuliza zilipo hati. Hana hata moja. Katika hesabu za nchi mtu huyu hajawahi kupeleka hata sindano. Na si yeye peke yake. Kwa miaka mingi maparachichi ya Njombe na ya Kilimanjaro yalipelekwa Mombasa yakapanda makontena ya baridi huko, na wanunuzi wengi wa Ulaya wakala tunda la shamba letu bila kujua limetoka Tanzania. Hatuwalaumu Wakenya, walikuwa na meli, ghala za baridi na makarani walio tayari. Karatasi humpa sifa yule aliyeiandika.

Ya tatu ndiyo inayotutia hofu zaidi. Huo mchanganyiko wa mtu wa tano, nani aliufungua? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema wazi kuwa mwenye mali huwajibika kwa matendo ya wakala wake, kana kwamba ameyatenda mwenyewe. Naye wakala huwajibika kama mwenye mali. Adhabu ya tamko la uongo yaweza kuwa kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi dola 10,000. Ukisimama mbele ya hakimu na kusema "kijana wetu alishughulikia", umekwisha kukiri kuwa alikuwa wakala wako.

Twajua yaliyomo mioyoni mwenu tunaposema maneno haya. Neno "sajili" halina sifa nzuri Kariakoo. Mwezi Mei 2023 maduka yalifungwa mtaa kwa mtaa, mkamwambia Waziri Mkuu Kassim Majaliwa pale Mnazi Mmoja, tarehe 17, kwamba mmechoshwa na kamatakamata, na kwamba usajili wa stoo umekuwa mzigo. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Hatutasema kuwa malalamiko yale yalikuwa ya bure. Daftari ambalo ofisa hulifungua siku ya kutoza faini tu, na kulifunga siku ya kurudisha fedha, watu watalikimbia, na ni haki yao kulikimbia. Madai ya marejesho ya kodi yanayokaa mezani miezi na miezi ni mafundisho mabaya kuliko hotuba yoyote ya adui. Jambo hili tunawaambia wakubwa waziwazi: mkitaka wananchi waandike ukweli, rudisheni chao kwa wakati ule ule mnaodai chenu.

Walakini kukimbia daftari kumemnufaisha nani? Kumemnufaisha mtu wa katikati. Yeye analijua daftari, ninyi hamlijui, na riziki yake yote imo katika tofauti hiyo. Hatusemi kuwa mawakala wote ni wabaya. Wengi ni watu wa heshima, wamesoma kazi yao, na bila wao bandari ingesimama kesho asubuhi. Tena sheria yenyewe yataka kadhia iandikwe na mtu mwenye leseni. Ila kumtuma mtu si sawa na kumpa kichwa chako. Mzee wa zamani asiyejua kusoma alipokwenda kwa mwandishi wa barua pale posta, alikaa karibu naye, akasema maneno yake, kisha akamwambia: nisomee. Hakutoka mpaka amesomewa. Sisi tuliosoma tunatuma picha ya ankara kwa simu, tukaendelea na shughuli.

Basi tutakayowaomba ni machache, na ni ya kesho.

Kontena lolote linalotoka kwa ajili yako, mwombe wakala nakala ya kadhia kabla hajaiwasilisha, nawe uisome. Tazama jina na namba ya mlipakodi: ni yako, au ya nani? Tazama namba ya bidhaa, na kama huijui, muulize kwa nini ameichagua hiyo wala si ile iliyo karibu nayo. Nenda mwenyewe, au mtume mwanao, siku ya kupakia. Piga picha ya mlango na ya lakiri, kisha linganisha na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Kama mnachangia, andikeni orodha ya kila mtu na mali yake, kila mmoja atie sahihi, na mtu wa "mchanganyiko" afungue maboksi yake mbele ya wenzake. Akikasirika, apande kontena lingine. Uzito upimwe kwa mizani, msikubali ukisiwe. Na meli ikishaondoka, kazi haijaisha. Dai hati ya shehena na uthibitisho wa Forodha kuwa mzigo umetoka nchini, uviweke pamoja na risiti zako za ununuzi. Wengi huisahau hati hii ya mwisho, kwa sababu inapokuwa tayari mzigo umekwisha kufika na fedha imekwisha kulipwa.

Kwa wale wa magodoro waliotuuliza kabla ya mkutano kama inawezekana watu watano wachangie kontena moja na kila mmoja awe na kadhia yake: ndiyo, yawezekana. Kontena ni moja, matamko ni matano, na kila tamko linataja namba ya kontena hilo hilo. Gharama ya wakala itaongezeka, na mawakala wengine watawaambia ni usumbufu. Ulizeni bei kwa mawakala watatu kabla ya kukubali. Meza ziko nyuma, fomu tupu ziko juu yake, na makarani wawili watakaa hapa mpaka saa kumi na mbili kwa yeyote anayetaka kujaribu kujaza yake.